Uyoga Hauvunjwi Kama Chai

Enzi zetu, sisi watoto wa majani chai, vidole vilianza kazi kabla meno ya utotoni hayajaisha kung'oka. Ukitoka shule unavua yunifomu, unafunga karatasi ya nailoni kiunoni ili umande usikuloweshe, unaingia shambani nyuma ya mama. Majani mawili na chipukizi, basi. Unabana kwa kidole gumba na cha shahada, unavunja, unatupa kikapuni mgongoni bila kugeuka. Ukishazoea, vidole havikuulizi tena. Tulibana kila kitu: majani ya malenge, isagek, ile mboga chungu ya kwetu, maua ya mwalimu mkuu, na masikio ya wadogo zetu walipotuchelewesha kwenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Mpira wa kati wenyewe ulikuwa wa makaratasi na kamba za katani, na ukikupata mbavuni unajua umepatikana. Leo mtoto akiguswa na mpira wa hewa mama yake anapigia shule simu.

Mnaokumbuka Kapsoit ya wakati ule mnaijua harufu ninayotaka kuisema. Jioni kiwanda kikikausha majani, harufu ilishuka bondeni taratibu, ikachanganyika na moshi wa kuni na mursik, maziwa yetu ya mgando, iliyofunguliwa kwenye kibuyu. Tulikuwa tunajua ni saa ya kurudisha ndama bila kutazama jua. Vijana wetu harufu ya chai wanaikuta kwenye kikombe cha karatasi chenye kifuniko, na bado wanaomba iwekwe barafu.

Lakini harufu iliyonifanya nianze kuandika leo ni nyingine. Mvua ndefu zilipoanza, nyasi za malishoni nyuma ya nyumba yetu zilitoboka. Palikuwa na kichuguu pale, kifupi na kipana, ambacho ng'ombe walipenda kujikuna. Kukizunguka, asubuhi baada ya mvua kubwa, uyoga ulisimama ukiwa na udongo kichwani. Mama aliupika na vitunguu, akamalizia na krimu ya maziwa, na harufu hiyo ilimtoa hata baba kwenye redio yake. Tuliula na kimyet, yaani ugali, na hakuna aliyekumbuka kuuliza nyama iko wapi.

Mlinzi wa uyoga huo alikuwa Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, nyanya yetu mzaa baba. Msifikiri alikuwa bingwa wa uyoga. Alijua mmoja tu. Kwenye mikaratusi na kando ya kijito kulikuwa na mwingine wa kila sura, mwekundu, wa manjano, mwembamba kama njiti ya kiberiti, na ukimwonyesha alikuwa na jibu lile lile: "Sijui. Achana nayo." Alisema sijui bila aibu yoyote, kama mtu anayetaja jina lake. Ule mmoja aliojua, aliujua toka utosini hadi nyayoni, na alikuwa ameamua kwamba hakuna mjukuu wake atakayeuokota kabla ya kuujua vivyo hivyo.

Somo lilianzia tumboni. Alitulaza kwenye nyasi baridi, tukilowa hadi kwenye singlendi, tutazame chini ya kofia kabla ya kugusa. Zile kuta nyembamba zilizopangana huko chini kama kurasa za kitabu, wasomi wanaziita matamvua. Kogo aliziita mbavu. Za uyoga wetu ni nyeupe, alisema, na zikikomaa zinaona haya kidogo, zinakuwa na wekundu wa mbali sana. Tena hazifiki kwenye shina, zinakoma kabla, zinaacha kijia cha kuzunguka. Ukimaliza mbavu unainuka, unatazama kofia: nyeupe iliyochanganyika na majivu kidogo, laini bila magamba, na katikati ina ncha ngumu kama kichwa cha msumari. Ncha hiyo ndiyo inayotoboa udongo. Shina halina pete wala halijavaa soksi. Halafu, na hapa ndipo alipokuwa mkali, unachukua kijiti au jembe na kuchimba. Chini ya shina kuna mguu mrefu unaokwenda ukinyooka na kupungua, mweusi mweusi, hadi nyumbani kwa mchwa. Usipouona mguu huo, hujaona uyoga.

Kwa sababu ulikuwepo mwingine. Ulimea kwenye nyasi zile zile, na tuliuogopa kama mbwa wa jirani. Ulikuwa mweupe na mnene, na juu ya kofia ulikuwa na magamba ya kahawia. Shinani ulivaa pete iliyolegea, unaweza kuipandisha na kuishusha kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Ukiuchimba huna la kuchimba: shina linaishia palepale, duara kama kitunguu. Ukizeeka, mbavu zake zinageuka kijani kama maji ya hori lililosahauliwa, na hapo hata mtoto wa chekechea haukosei. Taabu iko ukiwa mchanga. Mbavu bado nyeupe, mvua imeosha magamba na kuacha kinundu katikati kama ncha ya wetu, pete imechanika. Huu mweupe na ule mweupe, huu mzuri na ule mzuri.

Tulipenda sana kipimo cha sahani. Kogo alikata kofia moja, akailaza kifudifudi kwenye sahani nyeupe, akaifunika bakuli, na kutukataza kuigusa mpaka kesho yake. Ukifunua unakuta vumbi limedondoka kutoka kwenye mbavu, limechora mistari yake yote kama mionzi ya jua. Wa kwetu ulichora kwa wekundu hafifu, kama kitambaa cheupe kilichofuliwa pamoja na kitu chekundu. Ule mwingine ulichora kijani. Tuligombania nani afunue. Ningemwekea mtoto wa leo sahani hiyo, angeniuliza mbona inachukua muda kufunguka na kama mtandao uko chini.

Na kila msimu Kogo aliturudia neno lake moja, akitutazama vidole: "Chai unavunja, uyoga unachimba." Tuliona anatuchosha. Sasa naelewa alikuwa anapigana na nini. Alikuwa anapigana na mikono ya nyumba nzima.

Mikono mikali kuliko yote ilikuwa ya shangazi Chelangat, mdogo wa mwisho wa baba, ambaye wakati huo hajaolewa. Alichuma kwenye shamba kubwa ng'ambo ya kijito, na watu walikuwa wakisimama kutazama vidole vyake vikicheza juu ya majani. Mstari wa pili kutoka kwake alichuma mama mmoja kutoka upande wa ziwa, aliyeishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Wakawa marafiki, wakigawana chumvi na siri. Mwaka ule mama huyo akajifungua msichana asubuhi, akamwita Akinyi, jina la mzaliwa wa asubuhi, na ndiyo sababu sote tulimwita mama Akinyi. Uzazi ulimchosha. Chakula hakikupita, maziwa yakawa yanasita, na mtoto analia. Shangazi alipomuuliza anatamani nini, alisema anatamani obuolo, uyoga kwa lugha ya kwao, jinsi mama yake alivyoupika. Shangazi akamwambia, "Hiyo tu? Kesho utakula mpaka uchoke."

Mvua ilinyesha. Alfajiri shangazi alitoka na kikapu chake cha chai kabla hata moto haujawashwa. Tuliamka tukamkuta uani anacheka peke yake, na kikapu kimejaa. Sijaona tena uyoga mwingi hivyo mahali pamoja. Kofia safi, nyeupe, zimepangana vizuri, na kila moja imevunjwa shingoni kwa kidole gumba na cha shahada. Hakuna hata chembe ya udongo. Mchumaji hodari alikuwa amechuma.

Kogo aliokota kofia moja, akaigeuza. Nyeupe. Akageuza nyingine, akaisogeza karibu na jicho. Nyeupe.

"Miguu iko wapi?"

"Nimeiacha huko. Si nimechuma hapo kwa kichuguu? Ni ile yetu, mama."

"Ile yetu ina mguu."

Shangazi alichagua kofia iliyokuwa na tundu, akamnyooshea. "Ona, konokono amekula hii na ameenda zake. Hajakufa."

"Konokono hanyonyeshi," Kogo alisema, akashika kikapu.

Shangazi alishika upande wa pili. Sisi watoto tulikuwa upande wa shangazi, na tumbo lilituambia hivyo. Mama naye alikuwa upande wake, kwa sababu kile kilikuwa chakula cha nyumba mbili. Baba, ambaye hakupenda ugomvi kabla ya chai, alitoa shauri la busara: basi tupime kwa sahani, tungoje kesho. Kogo alimjibu bila kumtazama, "Sahani itaniambia kofia moja. Hizi nyingine nani ataziulizia?" Akavuta kikapu, akaenda nacho hadi kwenye shimo la choo cha zamani, ili hata mbwa asiguse, akamwaga chote. Nilisikia zikianguka huko chini, laini, moja baada ya nyingine.

Shangazi alilia kwa hasira mpaka kamasi. "Sasa niende kumwambia nini? Nimemwahidi mtu mgonjwa!"

"Chukua jembe," Kogo alisema.

Tukaenda wote malishoni, kama tunakwenda kumzika mtu. Mashina yaliyovunjwa yalikuwa yamesimama kwenye nyasi, mengine karibu na kichuguu, mengine mbali kidogo. Shangazi alichimba la kwanza kwa kishindo. Mguu ulikuwepo, mrefu, mweusi. La pili, mguu. La tatu, mguu. Kila alipotoa mmoja aliuweka mbele ya Kogo na kumtazama, na sisi tulianza kumhurumia bibi yetu. Alikuwa amekunja mikono tu. Halafu likaja moja ambalo halikuhitaji jembe. Shangazi alilivuta kwa mkono likatoka jepesi, na mwisho wake ulikuwa duara kama kitunguu. La jirani yake lilikuwa vivyo hivyo. Na lililofuata.

Shangazi aliketi kwenye nyasi zilizolowa na gauni lake. Ninakumbuka uso wake vizuri kuliko nyuso za watu niliosoma nao. Alikuwa anajaribu kukumbuka ni kofia zipi zilizotoka pale, na hakuweza, kwa sababu vidole ndivyo vilivyochuma. Mtoto mchanga kule ng'ambo angenyonya nini, na kwa nani?

Adhuhuri ile Kogo alichukua kibuyu cha mursik, akamshika shangazi mkono, tukavuka kijito. Nilifuata kwa sababu hakuna aliyenikataza. Kogo na mama Akinyi walizungumza Kiswahili chao cha shambani, kilichookotwa kwenye mistari ya chai, na walielewana vizuri kuliko watangazaji wa redio. Kogo alimweleza yote, hakuficha hata kofia moja. Mama Akinyi alisikiliza akiwa amelala kwa ubavu na mtoto kifuani. Mwisho akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Sasa mama, umeniokoa ama umeninyima?"

"Hata mimi sijui," Kogo alisema. "Ndio maana nimemwaga."

Akamimina mursik, wakanywa. Mvua iliporudi, Kogo alichimba uyoga kwa mikono yake, akaupeleka ukiwa na udongo na miguu yake yote kwenye sufuria, ili mama Akinyi aukague mwenyewe. Aliukagua mmoja mmoja, akapika, akala mpaka akalegeza kitambaa kiunoni. Akinyi alinyonya akalala. Na shangazi Chelangat akawa mkali kuliko Kogo. Hadi anaolewa kule Longisa, ukimletea uyoga usio na mguu anakufukuza nao.

Akinyi huyo leo ni jirani yangu. Wazazi wake walinunua kipande cha ardhi upande wetu walipostaafu, na tukazeeka pamoja kanisani. Mimi sasa ndiye ninayeitwa Kogo. Kichuguu bado kipo, japo kaka zangu wamekipimia jembe mara nyingi wakitaka kuongeza mistari ya chai pale. Nimewaambia watapanda chai hapo siku watakayonipanda mimi. Wananiona mkorofi. Sawa.

Msimu huu mvua iliponyesha, bintiye Akinyi, Stacy, aliyekuwa amefunga chuo, aliweka picha kwenye kundi letu la majirani la simu. Bakuli jeupe, kofia za uyoga zimeoshwa zikang'aa, zimepigwa picha kutoka juu. Chini ameandika: "Supper iko sorted." Watu wakamwaga mioyo na makofi. Mimi niliandika: "Miguu iko wapi?" Akanijibu kwa kikaragosi cha kucheka. Nikampigia, hakupokea. Mama yake, nilijua, alikuwa Kaplong kwa dada yake. Nikavaa gambuti, nikatoka na jembe mkononi kama mwizi wa viazi.

Nilimkuta na sufuria juu ya gesi. Vitunguu vilikuwa vimeshaiva, na kofia zilikuwa zimeingia ndani lakini bado hazijanywea.

"Kogo, tulia," aliniambia. "Nimescan na simu, imesema ni ile ya mchwa. Inaliwa."

"Simu iliona mguu?"

"Nilikata na kisu. Kwa video walisema ukikata hivyo inamea tena."

Nilizima gesi, nikachukua sufuria na kitambaa, nikatoka nje nikaimwaga kwenye shimo la taka. Harufu ilikuwa ile ile ya mama yangu, ya vitunguu na mvua, na nusura initoe machozi. Stacy alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Na kama ilikuwa poa?"

"Hata mimi sijui. Ndio maana nimemwaga."

Hakucheka. Nilimpa jembe, tukaenda malishoni. Mashina yalikuwa yamekatwa sawasawa, kazi nzuri ya kisu. Alichimba la kwanza, mguu. La pili, mguu. Nilingoja kile kitunguu. Alichimba yote, hadi la mwisho, na yote yalikuwa na miguu mirefu, myeusi, iliyokwenda hadi kwa mchwa.

"Zote zilikuwa poa, Kogo."

"Sasa tunajua," nilimwambia.

Alinirudishia jembe akaenda kwao bila kuaga. Iliniuma. Nilikuwa nimemwaga chakula kizuri cha mtoto wa watu, nimemlaza na chai kavu, na sikuwa na mashina ya duara ya kunitetea kama Kogo alivyokuwa nayo. Nilirudi nyumbani nikikokota gambuti na kujiuliza kama nimekuwa yule mzee ambaye vijana wanavuka barabara wakimwona. Nililifikiria jambo hilo siku nyingi, na kila nilipofika mwisho nilifika mahali pamoja. Nitamwaga tena. Nikiletewa kikapu kingine kisicho na miguu, hata kiwe cha mkuu wa kaunti, nitamwaga tena.

Nyakati zimebadilika, wenzangu, na silii tu kwa sababu nimezeeka. Sasa kwenye mashamba makubwa chai inanyolewa kwa mashine, inanguruma juu ya mistari asubuhi nzima. Zile nyimbo za wachumaji hazipo, na watoto hawana tena vile vidole vyetu vya kubana kila kitu. Nilidhani basi kosa la shangazi limekwenda na vikapu. Kumbe limehama tu. Sisi tulikosea kwa vidole, kwa kuwa vilizoea kuvunja. Watoto wetu wanakosea kwa macho, kwa kuwa kila kitu wanakitazama kutoka juu, kilivyo kizuri kwenye picha. Wao wana haraka ya kujua, nasi tulikuwa na bibi wa kutulaza kwenye nyasi baridi. Ninazikosa nyasi zile. Ninamkosa zaidi yule aliyeweza kusema sijui na nyumba nzima ikanyamaza.

Juzi mvua ilinyesha tena. Simu ikalia kwenye kundi la majirani. Ilikuwa picha ya Stacy: uyoga mmoja umelazwa ubavu juu ya gazeti, mbavu zimegeuzwa juu, na mguu wake mrefu mweusi umenyooka wote na udongo wake. Pembeni palionekana kucha zake, chafu. Jirani mmoja akauliza huo uchafu ni wa nini. Stacy akajibu: "Muulizeni Kogo."

Nilivaa gambuti, nikachukua kibuyu cha mursik, nikaenda kwao. Nilimkuta ameketi mlangoni, sufuria bado tupu na gesi imezimwa. Alikuwa ameupanga uyoga wote kwenye gazeti, haujaoshwa, kila mmoja na mguu wake, akiningoja niukague.